Diski Mbili za Ng'ombe wa Baba

Diski ilianza kugonga Jumatatu asubuhi, nikiwa nampiga mteja picha ya pasipoti. Tik, tik, kimya. Tik, tik, kimya. Mteja akageuza shingo kutafuta saa ukutani. Nikamwambia atazame mbele na asitabasamu, na mimi mwenyewe nikajikaza nisigeuke, ingawa nilijua fika kinachogonga ni nini.

Kilikuwa kwenye droo ya chini, waya wake umepanda mpaka kwenye kompyuta: eksteno, ile diski ya nje ya kuchomeka, nyeusi ya zamani, kifuniko chake kimeshikiliwa na mpira wa manati. Ndani yake kulikuwa na sauti ya baba yangu.

Baba alikuwa mfugaji wa Endulen. Mama alikuwa binti wa wakulima wa huku Karatu, Mwiraqw aliyeolewa juu hifadhini akajifunza Kimaa cha ukweni kwa kugombana nacho. Mimi nilirudi upande wa mama nikafungua studio ya picha kando ya barabara kuu, pale magari ya watalii yanaposimama kununua maji. Miaka kadhaa iliyopita, baba alipoanza kusema macho yake yana ukungu, nilipanda Endulen na kinasa sauti, nikamwomba anitajie ng'ombe wake. Si walio hai peke yao. Wote.

Ng'ombe kwetu wana koo. Huyu ni binti wa yule, aliyezaliwa na yule, aliyeletwa na fulani siku ile walipopatana. Ukizijua koo za ng'ombe wa mtu unajua nani alimpa nani, nani alioa wapi, nani alisaidiwa na nani mwaka wa ukame. Baba alikuwa nazo zote kichwani. Alisema kwa siku nne, nami kila ukoo nikauwekea faili lake. Siku ya nne alikunywa chai yake mpaka ikaisha, kisha akasema, "Haya yakae kwako. Nikiondoka, wewe ndiye utakayewasikilizisha wenzako."

Kaka yangu mkubwa alikuwepo. Akacheka. "Baba, huyu hana hata zizi. Atawaweka wapi?"

Kwetu binti harithi ng'ombe. Nililijua hilo tangu nikiwa mdogo na nilikuwa nimeshalizoea, lakini kicheko kile sikukizoea. Nilikimeza na chai. Ila nilijiapia kwamba majina yale hayatapotea mikononi mwangu, hata studio iungue, hata mimi mwenyewe nife. Kaka hatakuja kusimama mbele ya watu aseme, mnaona, nilisema.

Basi ndiyo hiyo diski iliyokuwa inagonga. Na mtaniuliza kwa nini sikuwa na nakala nyingine. Sikuwa nayo kwa uvivu. Mimi ninayewaambia maharusi kila Jumamosi kwamba picha zao watazikuta hata baada ya miaka kumi, nilikuwa naahidi kwa kutumia kitu kilichofungwa kwa mpira wa manati.

Sikutaka eksteno nyingine. Nilikuwa nimesoma habari za yale masanduku madogo yanayochomekwa kwenye rauta nyumbani, yenye diski mbili ndani. Unachokiandika kinaandikwa kwenye zote mbili kwa wakati mmoja, moja ikifa nyingine inaendelea, unanunua ya kuziba pengo. Sanduku lenyewe nililipata kwa mwenye hoteli mmoja hapa Karatu aliyekuwa anafunga biashara. Lilikuwa tupu. Kazi ilibaki kutafuta diski.

Nilimpigia kaka kumweleza, kwa kuwa ile sauti ni ya baba yake pia. "Dada, unajisumbua," akasema. "Watu wote siku hizi wanaweka mtandaoni. Unalipia kila mwezi, basi, wenyewe wanakutunzia."

"Wenyewe akina nani?"

"Wenyewe wa mtandao."

"Unawajua?"

"Sasa mimi nitawajuaje?"

Nilimwambia nimechoka na watu wa mbali wanaojua kuliko sisi vitu vyetu vikae wapi. Sisi wa Endulen, tunaoambiwa kila mara tuhame hifadhini, maneno hayo hatuna haja ya kufafanuliana. Akaguna, akasema mtandao unakatika, na kweli ukakatika.

Wiki mbili nilisoma mambo ya diski kama anayesomea mtihani, kati ya mteja na mteja. Nikajifunza kwamba diski ya kompyuta ya mezani imezoea kuzimwa jioni, wakati ya sanduku inazunguka mchana na usiku, tena imebanana na mwenzake, na mtetemo wa moja unaisumbua nyingine. Zipo zilizotengenezwa kwa maisha hayo, na zina waranti ndefu zaidi. Zipo pia za kamera za ulinzi, ambazo zinajua kuandika bila kukoma lakini hazikuundwa kwa kazi ya kutunza. Na kulikuwa na jambo moja lililonikera kuliko yote: baadhi ya diski za bei nafuu, ili zibebe vingi, mistari ya kuandikia imelaliana kama mabati ya paa. Ukitaka kubadilisha bati la chini lazima ufumue na ya juu. Kwenye sanduku, siku diski moja ikifa na mpya inajengwa upya kutoka kwa mwenzake, hizo za kulaliana zinachoka njiani na zinaweza kukuangusha siku hiyohiyo unayozihitaji. Na kwenye boksi mara nyingi hawaandiki. Lazima utafute namba ya aina yake, uisome kwenye orodha ya watengenezaji.

Niliziandika namba nilizozitaka kwenye kikaratasi, nikapanda gari la asubuhi kwenda Arusha.

Duka la kwanza kijana wa kaunta alinitazama shuka langu la lubega, akanitazama viatu, akaniletea diski ya kamera. "Mama, hii ndiyo kiboko."

"Hii ni ya kamera za ukutani."

"Diski ni diski, mama."

"Ng'ombe naye ni ng'ombe," nikamwambia, "lakini dume humkamui."

Wateja wawili wakacheka. Yeye hakucheka. Akaniletea nyingine, hii ikiwa na namba iliyokuwa kwenye kikaratasi changu, na boksi lake lilikuwa zuri, lakini karatasi ya nailoni ya ndani ilikuwa imeshafunguliwa ikagandishwa upya kwa gundi. Baba akinunua mtamba mnadani alikuwa anamfungua mdomo kwanza, hata kama muuzaji ni shemeji yake. Nikasema ichomekwe kwenye kompyuta nione imeshafanya kazi kwa saa ngapi.

"Mama, ni mpya!"

"Basi itaonyesha sifuri."

Alizunguka, akaenda kumwita mkubwa wake, mkubwa akaja akaniita madam, akasema mashine ya kupimia ina mtu. Nikavuta kiti nikakaa. Nikasema nina siku nzima, gari langu linaondoka saa tisa. Nilikaa pale mlangoni na mfuko wangu magotini mpaka wateja wakaanza kuniuliza mimi bei. Mwishowe wakaichomeka. Diski mpya ilikuwa imeshazunguka kwa saa zinazozidi miaka mitatu. Mkubwa akasema lo, hata yeye ameshangaa. Nikamwambia aendelee kushangaa, nikatoka.

Nilizipata diski mbili za haki kwenye maduka mawili tofauti, na hilo nililifanya makusudi. Zilizotengenezwa pamoja hufa karibu pamoja, kwa hiyo nilihakikisha tarehe za kutengenezwa hazifanani. Hili sikuhitaji kulisoma mahali. Baba hakuwahi kuwaweka ng'ombe wake wote boma moja. Wengine walikuwa Arash kwa rafiki yake, ili ugonjwa ukiingia kwake usimmalize. Nilirudi Karatu na diski zangu nimezipakata kama mayai, na kila gari liliporuka tuta nilikuwa nazinyanyua juu ya magoti. Nilijisikia vizuri sana siku ile. Nilijiona mjuzi.

Hapo ndipo nilipokosea.

Siku ya kunakili studio ilijaa. Ilikuwa msimu wa shule kufungua na kila mtoto anadaiwa picha nne. Kompyuta ilikuwa inahamisha mafaili kutoka kwenye ile eksteno mbovu, na kila ilipofika mahali inaposhindwa kusoma ilisimama ikaniuliza: nijaribu tena, au niruke? Mara ya kwanza nilibonyeza ijaribu tena. Ikagonga, ikagonga, ikauliza tena. Watoto walikuwa wanasukumana mlangoni. Nikabonyeza iruke, na nikaweka alama kwenye kile kidirisha kinachosema ifanye hivyohivyo kwa yote.

Jioni nilifungua folda kwenye sanduku jipya nikatazama. Nilikuwa naona majina ya mafaili yamejipanga kutoka juu hadi chini. Nikafungua mawili matatu, nikamsikia baba, nikaridhika. Sikuhesabu.

Na sikuhesabu kwa sababu sisi hatuhesabu. Ng'ombe hawahesabiwi. Ukiwahesabu unawaita msiba, ndivyo tulivyokuzwa, na mtu akikuuliza una ng'ombe wangapi unamwona hana adabu. Baba alikuwa anasimama mlangoni mwa zizi jioni wakati wanaingia, anawatazama tu, na asipomwona mmoja anajua ni nani, anajua na rangi yake na tabia yake ya kubaki nyuma. Nimesoma mpaka chuo, natengeneza picha kwa kompyuta, na bado mkono wangu ulikataa kuhesabu ng'ombe wa baba hata wakiwa mafaili. Niliwatazama tu. Lakini faili halina rangi wala pembe, na mimi sina macho ya baba.

Fundi wa simu wa mlango wa pili alikuwa ameniomba ile eksteno mbovu achukue vipuri. Niliitia kwenye bahasha nikaandika kazi yake juu, nikaiweka mezani. Angeichukua Ijumaa.

Alhamisi baba akaletwa Karatu kwa kliniki ya macho. Ukungu ulikuwa umeshakuwa giza. Madaktari waliomwona walisema wamechelewa kuletewa, na tuliomleta tukanywea. Nikampeleka studio, nikamkalisha kwenye kiti cha wateja, mbele ya pazia la bluu, nikamwambia, "Baba, nataka nikuonyeshe mahali ng'ombe wako wanapolala."

Nilimshikisha sanduku. Akalipapasa, akahisi lile joto na mtetemo mdogo. "Liko hai," akasema. Nikawasha sauti yake. Alisikiliza huku ameegemea fimbo, mara anacheka, mara anasahihisha hewani mtu ambaye ni yeye mwenyewe. Tulikwenda hivyo tangu saa nne mpaka mchana, ukoo baada ya ukoo. Halafu ukaisha ukoo wa yule mwenye pembe moja, ukaanza mwingine, na baba akanyanyua mkono.

"Wa mama yako yuko wapi?"

"Yupo, baba."

"Hayupo. Baada ya pembe moja ni wa mama yako. Umemruka."

"Baba, nimewatazama wote. Wamejaa."

Akainama kuelekea kwangu. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini kabisa, "Umewahesabu?"

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamwambia, baba, si wewe uliyetukataza? Akageuza uso kule alikohisi mlango upo, akauliza kama kuna mtu. Nikasema hakuna.

"Tangu macho yaniache," akasema, "nawahesabu. Kila jioni. Nakaa mlangoni mwa zizi, kila mmoja anapopita namgusa, nakunja kidole. Wakiingia wote nahesabu vidole nilivyokunja na mara ngapi nimevimaliza vyote kumi. Ningefanyaje? Nikae nidanganywe na watoto?" Akapiga fimbo sakafuni. "Wahesabu. Na kaka zako usiwaambie."

Sikuwaambia. Niliitunza siri hiyo mpaka alipoondoka, na hata baada ya hapo, na sasa naiandika kwa sababu sioni aibu yoyote ndani yake. Yule mzee alivunja mwiko wa maisha yake yote badala ya kukubali kuongozwa kama kipofu. Laiti ningekuwa na nusu ya ukaidi wake siku ile ya watoto wa shule.

Nilihesabu. Kwenye daftari la siku zile nne Endulen kulikuwa na koo sitini na tatu. Kwenye sanduku langu jipya, lenye diski mbili nilizozisotea Arusha, zenye mistari isiyolaliana, zenye waranti, kulikuwa na mafaili hamsini na manane. Matano niliyaruka kwa kidole changu mwenyewe. Diski zile hazikuwa na kosa lolote. Zilikuwa zimetunza kwa uaminifu mkubwa, zote mbili, kasoro ileile.

Nikaichana ile bahasha ya fundi. Nikaichomeka eksteno, nikaizima kila inapopata joto, nikaiacha ipoe dirishani kwenye upepo wa Karatu, nikaichomeka tena, faili moja moja. La kwanza lilitoka. La pili likatoka baada ya kujaribu mara sita. Baba alikuwa anauliza kila mara, nani huyo? Nami namtajia. La tatu, la nne. La tano likagonga, likagonga, kisha eksteno ikanyamaza kabisa na haikugonga tena.

Lilikuwa la ng'ombe wa mama.

Mama alipopelekwa Endulen kuwa bibi harusi, mama mkwe wake alimpa mtamba mweupe, na ukoo wake ulikuwa mrefu kuliko zote. Siku ile ya kunasa, baba alipofika hapo alisema ndama wa kwanza alikuwa mwekundu. Mama alikuwa nje anapepeta mbaazi zilizotoka kwa ndugu zake, akasema kwa sauti kupitia mlangoni, "Mweusi!" Baba akasema mwekundu. Mama akaingia na ungo mkononi: "Mweusi, mimi ndiye niliyemkamua mama yake!" Baba akacheka akasalimu amri. Yote yaliingia kwenye kinasa. Mama alifariki mwaka uliofuata, na sina sauti yake mahali pengine popote. Nilikuwa nayo, nikairuka ili watoto wapate picha nne nne. Niliumia, na naumia mpaka leo, wala sitaki mtu aniambie ni bahati mbaya.

Nililia pale pale mbele ya baba. Kwa kuwa haoni, nilijaribu kulia bila sauti, lakini yeye akasema, "Acha. Washa hicho chako."

Nikawasha kinasa. Akaanza upya. Mtamba mweupe, alikotoka, aliyempokea, mvua iliyonyesha njiani. Akafika pale. "Ndama wake wa kwanza alikuwa mwekundu," akasema, akanyamaza. Alinyamaza muda mrefu, uso ameuelekeza mlangoni, na mimi sikuthubutu hata kukohoa. Nje gari la watalii lilipita.

"Mweusi," akasema taratibu. "Mweusi. Yeye ndiye aliyemkamua mama yake."

Akaendelea mpaka mwisho wa ukoo. Nikahifadhi, nikahesabu kwa sauti, yeye akikunja vidole: sitini na tatu. Ijumaa nilinunua eksteno mpya, ya haki, nikanakili, nikalinganisha faili kwa faili, nikahesabu tena, nikaipeleka Arash kwa yule rafiki wa baba anayetunza ng'ombe wetu. Iko kwenye sanduku la bati pamoja na vyeti vya watoto wake.

Baba aliondoka baada ya mavuno. Siku ya kukaa kusema habari za ng'ombe wa urithi, kaka zangu na wazee wa ukoo walikusanyika Endulen asubuhi na mapema, ukungu bado umelala. Sisi mabinti huwa hatuitwi kwenye kikao hicho. Niliitwa, maana walifika kwa ndama fulani wakashindwa kupatana alikotoka, na hakuna aliyejua. Nikaingia na spika yangu, nikaiweka katikati yao, nikambonyeza baba. Akawaambia. Alipofika kwa mtamba mweupe na ule ukimya wake, hakuna aliyeuliza kwa nini mzee amenyamaza. Walikuwa wanamjua mama.

Ilipokwisha, kaka mkubwa alinitazama kwa mara ya kwanza siku ile. "Wametimia wote?" akauliza. Alitaka niseme ndiyo, wametimia, kama desturi.

"Koo sitini na tatu," nikasema.

Mzee mmoja akavuta pumzi. Kaka akasimama. "Nani amekuruhusu kuhesabu?"

Nilikumbuka vidole vya baba vilivyokunjwa juu ya fimbo.

"Mimi," nikamwambia. "Nimehesabu mimi. Na kesho nitahesabu tena."